Kupiga video nje ya kiwanda Unguja na Pemba bila kuzusha mzozo na wafanyakazi: mwongozo kamili

Kila mara vijana ninaowafundisha kupiga video wanaponiletea kazi yao ya kwanza ya nje, nakuta klipu ileile. Geti la kiwanda. Watu wanatoka kazini. Sekunde ya nne mtu mmoja anageuza uso, ya sita mama anajifunika kanga, ya tisa inasikika sauti, "We! Zima hiyo!" Baada ya hapo ni viatu vya mpigaji, kokoto, kisha giza.

Wengine hurudi bila simu. Mmoja alikaa kituoni tangu adhuhuri mpaka magharibi akieleza kwa nini alikuwa akipiga lori la magunia. Wote huniambia kosa lilikuwa la mlinzi. Nikiwahoji vizuri naona kosa lilitendeka siku mbili kabla, pale walipoamua kuipeleka kamera pahala ambapo wao wenyewe hawajawahi kwenda.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kusimama nje, barabarani au pembezoni, ukapiga video ya kiwanda, ghala au karakana pamoja na watu wanaoingia na kutoka. Kupiga ndani ya uzio ni kazi nyingine yenye taratibu zake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Kitambulisho. Kile cha Mzanzibari mkaazi kama unacho, au cha taifa, au pasipoti. Kiwe mfukoni, kisiwe picha ndani ya simu, kwa sababu simu ndiyo itakayokuwa na ubishi.

Barua ya kujitambulisha, nakala tatu. Kutoka skuli, chuo, ofisi au kikundi chako. Itaje unapiga nini, siku gani, na video inakwenda wapi. Nakala moja ya sheha (mkuu wa serikali wa eneo lile), moja ya kiwanda, moja yako.

Kibali kinachohusu kazi yako. Mwandishi wa habari abebe kitambulisho chake cha Idara ya Habari Maelezo. Anayetengeneza filamu aanzie Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU). Ndege isiyo na rubani usiibebe kabisa kama huna ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata ukiwa nayo ruhusa, kwa kazi hii iache nyumbani: kitu kinachonguruma juu ya vichwa vya watu hakiwezi kutoa salamu.

Simu yenye nafasi. Video ya kawaida ya 1080p hula takriban MB 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea simu inavyozibana picha. Nafasi ya GB 10 inakutosha siku nzima. Chukua na pawabenki.

Stendi ndogo ya miguu mitatu. Haikusaidii tu kutuliza picha. Mtu mwenye stendi anaonekana yupo kazini, na mtu aliyeficha simu kifuani anaonekana anaiba.

Kipaza sauti chenye sponji au manyoya, kitambaa laini cha kufutia kioo (upepo wa bahari huacha chumvi), daftari na kalamu.

Mtu wa pili. Hiki ndicho kifaa ambacho vijana hukidharau kuliko vyote. Wewe ukiwa umeinama kwenye kioo cha simu, huoni nyuma yako wala pembeni. Mwenzako ndiye anayesalimia, anayejibu maswali, anayekwambia lori linarudi nyuma. Ukipiga nje ya pahala wanapofanya kazi akina mama, mtu huyo awe mwanamke.

Kuhusu mavazi: vaa kwa heshima, na usivae kitu chenye rangi wala nembo ya chama chochote. Usivae pia koti la kung'aa la usalama. Nimeona vibarua wakitawanyika kwa sababu walidhani mpiga picha ni mkaguzi.

## Hatua ya 1: Jua unasimama mbele ya nini

Barabara ni ya umma, lakini kilicho ng'ambo ya uzio si cha aina moja.

Kiwanda cha kawaida, karakana ya mbao, ghala la mwani au la unga: hivi unaweza kuvipiga ukiwa nje kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Bandari, uwanja wa ndege, kambi za jeshi na za vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), vituo vya umeme na matangi ya mafuta ni habari nyingine. Hivyo usivielekezee kamera bila kibali cha maandishi, hata kama unataka tu kupata jua likizama nyuma yake. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inahusu maeneo yanayolindwa, na maelezo ya kwamba hukujua hayatakusaidia getini.

Tatizo la visiwa vyetu ni kwamba vitu hivi vimekaribiana. Unapiga ghala, na nyuma ya ghala unaonekana mlingoti wa kikosi. Kwa hiyo kabla ya siku ya kazi, simama pale utakaposimama na utazame fremu nzima, nyuma na mbele. Ukiona kitu usichokitaka, sogea hatua kumi.

Kwenye maeneo huru ya uchumi kama Fumba na Micheweni, usitegemee mlinzi wa kiwanda kimoja. Eneo zima lina msimamizi wake, nayo ni mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Anza huko.

Haki zako zijue, ila zisiwe neno lako la kwanza. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inakupa uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Kifungu cha 15 cha Katiba hiyohiyo kinalinda faragha ya mtu. Mama anayejifunika kanga mbele ya kamera yako naye amesimama juu ya Katiba.

## Hatua ya 2: Nenda bila kamera, mara mbili

Nenda mara ya kwanza asubuhi watu wanapoingia, mara ya pili jioni wanapotoka. Simu iwe mfukoni. Kaa kwenye banda la chai au kwa muuza kahawa aliye karibu na geti, kwa sababu kila kiwanda kina mtu wa namna hiyo, naye anajua zaidi kuliko ubao wa matangazo. Kunywa kahawa, sikiliza.

Unatafuta majibu ya maswali haya. Zamu zinabadilishana saa ngapi? Wanaotoka ni waajiriwa au vibarua wa kutwa? Wanawake ni wengi? Siku ya malipo ni ipi? Kuna ugomvi wowote kati ya wafanyakazi na wenye kiwanda wiki hii?

Swali la vibarua ndilo lenye uzito. Mwajiriwa ana mkataba. Kibarua hana kitu ila kukubalika kesho asubuhi. Akionekana kwenye video akicheka mbele ya kamera ya mtu asiyejulikana, msimamizi hahitaji kumfukuza. Atamruka tu wakati wa kuhesabu majina. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hukimbia kamera kama mvua. Ukilielewa hilo, hutamwita tena mtu yeyote mshamba kwa kugeuza uso.

Pemba kuna jambo la msimu pia. Kisheria karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuzipitisha njia nyingine ni magendo. Kwa hiyo msimu wa karafuu, mtu yeyote mwenye kamera karibu na magunia hudhaniwa ni mpelelezi wa magendo, hata na watu wasio na punje moja ya kuficha. Ukitaka kupiga nje ya kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, ambako harufu hukupokea kabla hujaliona geti, hesabu siku zaidi za kujulikana. Miezi ya uchaguzi, kama kazi inaweza kungoja, ngoja nayo.

Umefaulu hatua hii pale muuza kahawa anapokuuliza jina la baba yako.

## Hatua ya 3: Sheha, mlinzi, msimamizi, kwa mpangilio huo

Sheha kwanza. Mgeni akionekana na vyombo vya picha, yeye ndiye anayeulizwa, na akijibu "simjui" umekwisha. Mpelekee barua, mwombe aigonge muhuri, mwachie nakala.

Kisha mlinzi wa getini. Vijana humruka wakakimbilia ofisini, nalo ni kosa kubwa, kwa sababu siku ya kazi meneja atakuwa ndani penye feni na mlinzi atakuwa nje na wewe. Salamu ziwe kamili:

"Asalaam alaykum, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Waalaykum salaam. Nikusaidie nini?"

"Mimi kijana wa hapa Machomane. Nataka kupiga video ya watu wakitoka kazini, nikisimama kule ng'ambo kwenye mwembe, sitaingia. Nimeshafika kwa sheha, barua hii hapa. Naomba unielekeze nimwone nani ndani."

Ona kilichotajwa: unatoka wapi, unapiga nini, utasimama wapi, nani anakujua. Ukiacha kimoja, atakuuliza hicho.

Mwisho msimamizi. Huyu usimwombe ruhusa ya kusimama barabarani, maana barabara si yake. Mjulishe, na umwombe awaambie watu wake. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye maneno na kubwa kwenye matokeo: ukiomba ruhusa akakataa, umejifunga mwenyewe, ukimjulisha, hata asipopenda mtazungumza. Akitaka uache kitu fulani nje ya picha, sikiliza sababu. Mashine mpya ambayo hataki mshindani aione ni sababu ya kweli. Akitaka kuitazama video yote kabla haijatoka na akate anachotaka, hapo umekuwa mpiga matangazo wake, na uamuzi ni wako.

## Hatua ya 4: Saa na pahala pa kusimama

Sisi tupo nyuzi tano na sita tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali. Mtu mwenye kofia wakati huo hana macho, ana vivuli viwili. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni mpaka jua kuchwa.

Heshimu saa za sala. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana achana na kazi. Mwezi wa Ramadhani watu hutoka kazini wamechoka na wana haraka ya futari. Usisimame katikati ya mtu na nyumba yake saa 11 jioni.

Upepo huharibu sauti kuliko kelele za mashine. Wakati wa kaskazi unatoka upande wa bahari ya kaskazini mashariki, wakati wa kusi unageuka. Simama wewe mwenyewe katikati ya upepo na kipaza sauti.

Pahala pa kusimama pawe ng'ambo ya barabara, mbele ya macho ya watu wote. Usijifiche nyuma ya gari, usipige kutoka dirishani mwa daladala, na usivute picha kutoka mbali. Mtu akigundua amevutwa kutoka mbali, hasira yake ni ya haki.

Sasa jambo ambalo nimelijifunza kwa kuchelewa, na ambalo limenipunguzia ugomvi kuliko barua zote: acha njia ya wasiotaka. Panga fremu yako ili upande mmoja wa geti uwe nje ya picha kabisa. Anayetaka kupita mbele ya kamera apite. Asiyetaka awe na mlango wake, bila kukimbia na bila kujifunika. Chora mstari ardhini kwa kijiti kama ni lazima. Ukielekeza kamera ili ikamate geti zima, umemlazimisha kila mtu, na aliyelazimishwa ndiye anayepiga kelele.

## Hatua ya 5: Tangaza kabla ya kubonyeza

Robo saa kabla ya watu kutoka, weka stendi, simu juu yake, jicho la kamera likiwa limegeukia chini au kwako. Watu wa kwanza watakapotokea, mwenzako asogee karibu na geti (si mbele yake) na aseme kwa sauti ya kawaida:

"Asalaam alaykum, mama zangu, kaka zangu. Tunapiga video ya kazi za hapa. Anayependa apite upande wa mwembe, asiyependa apite huku kwenye ukuta, kamera haifiki."

Arudie kila kundi jipya linapotoka. Ndiyo, inachosha. Baada ya mara tatu utaona wafanyakazi wenyewe wanaambizana: "Pita huku yakhe, huku hupigwi." Hapo ndipo ubonyeze kitufe.

Usirushe moja kwa moja mtandaoni. Video inayorushwa papo hapo haina nafasi ya mtu kubadili mawazo, na mtu ana haki ya kubadili mawazo.

## Hatua ya 6: Piga kazi kabla ya nyuso

Mpangilio huu wa picha unaeleza kiwanda bila kumtegemea mtu mmoja yeyote:

1. Picha pana ya geti na barabara, sekunde 15, kamera imetulia.
2. Mikono: inayofunga gunia, inayosukuma baiskeli, inayohesabu tiketi za kazi.
3. Miguu ikipita. Ndara, buti, peku.
4. Vitu: lori likipakiwa, moshi wa bomba, majamvi, kufuli.
5. Migongo ya watu wakienda zao, jua likiwa mbele yao.
6. Nyuso, za waliokubali tu, na baada ya kuzungumza nao.

Kila picha isipungue sekunde 10. Klipu nyingi ninazoletewa ni za sekunde tatu, na hakuna fundi wa kuhariri anayeweza kuzishona zikawa hadithi. Shikilia kidole kwenye kioo mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo picha itakuwa inapauka kila lori jeupe linapopita. Jioni taa za geti zikiwaka utaona michirizi inacheza; umeme wetu ni wa hezi 50, basi weka simu kwenye fremu 25 kwa sekunde na michirizi itapungua au itatoweka.

Watoto wasionekane, hata wakijileta wenyewe. Namba za gari pia zipishe.

## Hatua ya 7: Watu wakiitikia

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuvunjika, na watu huitikia kwa namna nyingi kuliko vijana wanavyotarajia.

Anayepunga na kucheza. Kijana wa miaka ishirini anayeruka mbele ya kamera na wenzake wakimshangilia. Mpige, mcheke naye, kisha umwendee baadaye peke yake umuulize kama anataka ibaki. Mbele ya wenzake hawezi kusema hapana.

Anayegeuka. Shusha kamera. Usiifuate sura yake, usimwite. Inua kiganja kifuani kama kumwomba radhi, akuone.

Anayeuliza. "Mwanangu, hiyo picha inakwenda wapi?" Hili ni swali bora kuliko yote, lijibu kwa ukweli mtupu. "Inakwenda mtandaoni, mama, wataiona watu wengi." Ukisema ni ya skuli tu halafu ionekane kwenye simu ya jirani yake, hutasimama tena mtaa ule.

Anayetaka ya soda. Usilipe. Ukimpa mmoja, wa pili atadai, na wa tatu ataona umenunua kwa wenzake kitu chake. Mwambie, "Kaka, siku ya picha sitoi pesa, ila nitarudi tunywe kahawa." Kisha urudi kweli.

Anayekasirika. "Futa! Nani kakuruhusu?" Zima, mwendee ukiwa umeshusha simu, mwonyeshe klipu, na kama yumo uifute mbele ya macho yake. Ifute na kwenye kapu la zilizofutwa, maana simu nyingi huhifadhi vitu huko siku 30 au zaidi, na watu wanajua. Usimweleze sheria. Klipu moja haina thamani ya kumfanya mtu asilale.

Anayenong'ona. Huyu ndiye wa kuogopea, si kwa ubaya wake bali kwa usalama wake. Atapita karibu na kusema bila kukutazama: "Piga na kule nyuma, uone maji tunayokunywa." Au: "Wiki ya tatu hatujalipwa."

Moyo wa mpiga video huruka hapo, na mkono huinua kipaza sauti. Usiinue. Mlinzi anatazama, msimamizi anatazama, na kila dakika mtu huyo anayosimama nawe itahesabiwa. Mpe namba yako kwenye kikaratasi ulichokwisha kuandika mapema, jibu salamu, na endelea kupiga lori. Kama ana haja atakupigia yeye. Mkikutana, isiwe kwake wala barazani. Iwe mji mwingine ambako wote wawili ni wapita njia. Mkutano wa kwanza usirekodi kitu. Jina lake usiliandike kwenye simu.

Na akikubali kurekodiwa, ujue kuficha uso hakutoshi kwetu. Mpemba husikia sentensi mbili akajua mtu ni wa Micheweni au wa Mkoani. Mtumbatu na Mmakunduchi hawafichiki wakifungua mdomo. Sauti isomwe na mtu mwingine kabisa, na maneno ya lahaja yabadilishwe.

## Hatua ya 8: Mlinzi au askari akija kwa ukali

Shusha kamera kiunoni, ielekee chini. Usimpige yeye, hata kama mwenzako anakwambia hiyo ndiyo picha yenyewe. Salimia kwanza, kisha toa barua yenye muhuri.

Mlinzi wa kiwanda akikutaka ufute, mwombe kwa upole msimamizi uliyezungumza naye aitwe. Hapa ndipo ile Hatua ya 3 inapolipa. Akija askari na kukuamuru uache, acha. Muulize jina lake na kituo chake, na kama anaitaka simu, usivutane. Mwenzako aandike saa, pahala na kilichochukuliwa, nanyi mwende pamoja mpaka kituoni mkaombe hati ya maandishi. Mtu mmoja awe ameshampigia sheha kabla hamjafika.

Ubishi wa getini haujawahi kuokoa klipu hata moja niliyoiona.

## Hatua ya 9: Usiku uleule

Nakili video pahala pawili. Futa taarifa za eneo kwenye faili. Kisha kaa na kioo kikubwa, si cha simu, upite kila picha ukijiuliza: nani anatambulika hapa, na kwa kitu gani?

Niliwahi kupiga nje ya ghala moja Unguja, akina mama wakitoka na vichwa vyeupe kwa vumbi. Nilizificha nyuso zote kwa ukungu, nikajiona mwangalifu. Siku ya tatu nikapigiwa simu kutoka Muscat. Kijana alikuwa analia. "Kaka, yule mwenye kanga ya *Hasidi hana sababu* ni mama yangu. Namtumia pesa kila mwezi apumzike. Kumbe bado anabeba magunia?"

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Alinipokea kwa chai na mkate wa kumimina, akanieleza kwamba pesa za mwanawe alikuwa akiziweka kwa ajili ya skuli ya wajukuu, na hakutaka mtu ajue. Kisha akasema, "Mwanangu, uso wangu uliuficha, kanga yangu ukaisahau." Video niliiondoa, ila ilikuwa imeshasambaa.

Tangu hapo natafuta kanga na maandishi yake, kofia ya darizi maalumu, baiskeli yenye kitu kisicho cha kawaida, mwendo wa mtu anayechechemea, pete, na sauti inayopita nyuma ikiita jina. Visiwa hivi ni vidogo. Mtu hujulikana kwa kivuli chake. Kama picha ina kitu cha namna hiyo na mwenyewe hajakubali, iondoe yote. Ukungu ni dawa ya mji mkubwa.

## Hatua ya 10: Rudi na video kabla haijatoka

Ukimaliza kuhariri, rudi kwa muuza kahawa saa ya zamu kutoka. Weka simu mezani, waite waliokubali kuonekana, waitazame. Usieleze, usitetee. Angalia nyuso zao. Anayenyamaza ghafla mwendee pembeni.

Mara ya mwisho nilipofanya hivi, watu tisa walitazama, wawili wakaniomba niwatoe. Mmoja hakutoa sababu na sikuiuliza. Nilibaki na dakika nne badala ya tano. Sheha nilimpelekea nakala kwenye kadi, na mlinzi akaomba apelekewe ile picha ya geti jioni, kwa sababu alikuwa hajawahi kuliona likiwa zuri.

Kahawa uliyoahidi, lipa siku hiyo. Kisha acha wiki ipite, na upite njia ile mkono mtupu. Mlinzi akikuuliza kamera umeiacha wapi, unaweza kwenda nayo kesho yake.